Wakikuita Dokta

Kadutu, nyumbani

Nsimire, mutoto wangu,

Leo mchana, ulipokuwa Bagira kumuaga nyanya yako, simu yako ililia. Uliiacha kwenye chaji juu ya kabati. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, nikaona huyu mtu hatachoka, nikaipokea. Kabla sijasema hata alo, sauti ya mwanaume ikaanza kumwaga maneno:

"Dokta! Eeh, Dokta wetu, tunakungoja! Kuko mama moya hapa, mimba yake imefika, na iko na kovu, mutoto wa kwanza walimupasua. Batu banasema tumupeleke Walungu. Miye nikasema hapana, juu ya nini tuteseke na barabara, Dokta wetu anafika kesho."

Nikamwambia, "Miye si Dokta. Miye mama yake. Na yeye pia si dokta. Mumupeleke huyo mama Walungu, ku opitali, leo hii, kungali jua."

Akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha mtu aliyekula akashiba. "Maman, usiogope. Si Dokta anakuja?" Kisha mtandao ukakatika. Nimempigia tena na tena. Inaita, hapokei. Ni yule Patron wako wa Luhwindja, mwenye kituo cha afya, nimemtambua kwa sauti, ndiye aliyekupigia siku ile kukuambia umepata kazi. Siku ile pia alikuita Dokta, nawe ukacheka.

Habari hii nitakuambia jioni kwa mdomo ukirudi, mbele ya papa yako. Najua utakavyonijibu: "Sasa Mama, si ndiyo sababu naenda?" Macho yako yatawaka kama yalivyowaka Jumapili, mimi nitapandisha sauti, papa yako atatoka nje kwenda kuangalia mbuzi ambazo hatuna, na tutalala tumenuniana. Sitaki tulale hivyo. Kwa hiyo ya mdomo yatakuwa mafupi, mengine nayaandika. Utasoma garini. Tafadhali soma kabla hujafika Walungu, maana pale ndipo gari la Patron litakupokea, na ukishaingia kwenye gari lake utaanza kusikia mambo yao badala ya yangu.

Sitaandika juu ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume wa machimbo ya Luhwindja. Tantine zako wamekuhubiria hayo wiki nzima mpaka nikakuonea huruma. Mimi nataka kukuambia kuhusu jina hilo tu, Dokta, na lilivyotufanyia.

Unakumbuka Jumapili baada ya misa. Tantine Faida, dada ya papa yako, alikufungulia ile zawadi mbele ya watu wote. Bluzi nyeupe ya kazi, kitambaa kizuri, na kifuani ameshonesha kwa uzi wa bluu: Dr Nsimire. Vigelegele vikapigwa mpaka majirani wakachungulia. Papa yako akalia, mwanaume mzima, anajipangusa kwa kitambaa cha meza. Ukaivaa palepale juu ya kikwembe chako cha kitenge, ukazunguka, ukawa mzuri, Yesu Maria, ukawa mzuri sana. Na mimi nikaenda jikoni kugeuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, ambazo zilikuwa zimeshaiva.

Ulinifuata. "Mama, hauna furaha?" Nikasema ni moshi. Tulikuwa tunapikia makaa, Nsimire, moshi ungetoka wapi? Furaha nilikuwa nayo, tena nyingi. Ila nilipoona zile herufi mbili kifuani mwako nilimuona Deo, na sikutaka umuone kwenye uso wangu siku yako.

Tonton Deo unamkumbuka. Ndiye aliyekuwa anakubeba mabegani, akikupa mabomba ya sindano mapya yasiyo na sindano umwagie kuku maji. Tulifanya naye kazi kwenye kituo kimoja upande wa Walungu, kabla hatujahamia hapa Kadutu. Siku moja ukaacha kumuona, ukauliza, nikakuambia amepata kazi Uvira. Ulikuwa mdogo na swali lilikuwa rahisi kulimaliza namna hiyo. Wakati ule Deo alikuwa jela, hapa hapa Bukavu.

Deo na mimi tulikuwa asistan, kama wewe leo. Wasaidizi wa daktari. Tulikuwa na diplome zetu, tulipima, tuliandika dawa, tulishona, tulizalisha, na juu yetu palipaswa kuwa na daktari. Daktari wetu tulikuwa naye, lakini aliishi mjini, alikuja akipata gari na gari likipata mafuta. Siku nyingine zote tulikuwa sisi. Na watu wetu neno asistan hawana. Umeshamsikia mgonjwa hata mmoja anasema, "Asistan, tumbo inaniuma"? Kwao, mwenye bluzi nyeupe ni Dokta, basi. Mufagiaji wetu alivaa bluzi ya Deo asubuhi moja ya baridi, kabla ya saa nne wamama walikuwa wameshamuonyesha ndimi za watoto wao.

Mimi mara ya kwanza kuitwa hivyo nilikuwa natoka soko la Walungu, mvua inanyesha. Muzee mmoja akavua kofia yake kabisa, maji yanamtiririka kichwani, akaniambia, "Jambo, Dokta." Nilitaka kumwambia muzee, vaa kofia yako, miye si dokta. Mdomo ukakataa. Nikasema, "Jambo, muzee," na nikatembea mpaka kituoni nimenyoosha shingo kama jogoo.

Nikalizoea. Ni tamu lile neno, sitakuficha. Muuza maharagwe anakuongezea kiganja juu. Kanisani wanakusogezea kiti. Papa yako mpaka leo akitaka chai utamsikia, "Dokta wangu," na miguu yangu inaamka yenyewe kwenda kuweka maji, mjinga mimi. Unajiambia, si mimi niliyejiita, wao ndio wananiita, mimi naitika tu. Na ukimsahihisha mgonjwa anaogopa, anaona amepewa mtu wa nusu. Kwa hiyo unanyamaza kwa huruma. Ndivyo nilivyokuwa najiambia: kwa huruma.

Sasa sikia kilichompata Deo.

Ilikuwa siku ya soko, mvua kubwa imeanza tangu alfajiri. Wakamleta mwanamke kwenye kipoyi, machela ya miti, wanaume wanapokezana mabega, matope mpaka magotini. Mtoto amekaa vibaya tumboni na mama ameshachoka. Wa kupelekwa opitali kabisa, kila mtu aliona. Lakini lori lilikuwa limeanguka katikati ya barabara, hakuna gari linapita huku wala kule. Deo akapanda kilimani nyuma ya kanisa, mahali mtandao ulipokuwa unashika, akampigia daktari. Akarudi ameloa, anatetemeka, anasema, "Amesema, fanya, niko nyuma yako."

Akafanya, akampasua. Alikuwa ameshafanya siku nyingine, na ilienda vizuri. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda, nampa vyombo, nashika anaposema shika. Mtoto akatoka analia kwa nguvu, msichana, tukaangaliana tukacheka. Kisha damu haikusimama. Tulifanya yote tuliyofundishwa na mengine ambayo hatukufundishwa. Mvua ilipoacha, yule mama alikuwa ameshakufa.

Utaniuliza kama daktari angemuokoa. Nimeulizwa na wengi. Kuna wenzangu kwenye chama chetu cha asistan wanasema kwa hasira kwamba hata yeye asingeweza. Mimi nilikuwepo, mikono yangu ilikuwa mule, na sijui. Mutoto wangu, kutokujua huko hakunitoki mpaka leo.

Mume hakupiga kelele. Alikaa chini ukutani akiwa na mtoto ndani ya kikwembe cha marehemu. Shemeji yake ndiye aliyeenda polisi akasema, "Dokta ameua." Wakamchukua Deo kesho yake. Wakamuuliza daktari, naye akajibu kwa utulivu kabisa: "Miye sikumuambia apasue. Nilimuambia atayarishe safari. Yule si dokta." Na maneno ya simu yanapita, nani atayashika? Tangu siku hiyo mtu akiniambia "niko nyuma yako" huwa namuuliza, nyuma wapi? Papa yako anasema ninakuwa mkali. Basi nawe uwe mkali.

Avoka wa Deo, wakili wake, akaniita kuwa shahidi. Nilienda kumtetea, Nsimire. Nilipiga pasi kikwembe changu cha Krismasi, nikamsemesha Mungu njia nzima anipe maneno ya kumpandisha Deo mbele ya watu. Jije, yule hakimu, akaniuliza mambo ya kazi, nikajibu vizuri. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Pale kwenu, huyu bwana mulikuwa munamuita nani?"

Nikaona huu ndio mlango. Nikasimama wima. "Muheshimiwa, Walungu muzima inamuita Dokta. Wakubwa kwa wadogo. Hata miye namuita Dokta."

"Na akiitwa hivyo, anaitika?"

"Anaitika, Muheshimiwa! Hata akiwa anakula, anaacha bugali anaitika."

Nikamgeukia Deo nione anavyofurahi. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mikono yake. Avoka wake alifumba macho. Jije alikuwa anaandika, anaandika, hana haraka. Ndipo nikaelewa kwamba maneno yangu ndiyo yatakayomfunga. Kwenye vitabu vyao vyote hawakupata sheria moja inayosema asistan ni nani na anaruhusiwa nini. Lakini sheria ya mtu anayejifanya daktari ilikuwepo, tena ya zamani, na mimi ndiye niliyewaletea, nimevaa kikwembe cha Krismasi. Niliipeleka kwa mapenzi. Nimelia juu ya siku ile kuliko nilivyolia kwenye msiba wa mama yangu.

Ndiyo sababu tukaanzisha chama. Wewe ulikikuta nyumbani kama unavyokuta masufuria: mama anaenda kwenye mkutano, mama amerudi kutoka mkutanoni, mama amekasirika. Hukuniuliza kilianzia wapi, na mimi sikukuambia. Tunachoomba si kikubwa. Sheria iseme asistan ni nani. Iseme kazi yake inafika wapi na inaishia wapi. Iseme daktari akimtuma kufanya jambo, ni nani atakayejibu likiharibika. Na iwe na bodi yetu, mtu akikosa ahukumiwe na watu wanaoijua kazi, si kwa kuulizwa majirani wanamuita nani. Serikali ilikubali shule yenu ifunguliwe, ikakubali mitihani, ikaweka muhuri kwenye diplome yako. Kilichobaki ni kusema hiyo diplome ni ya kufanya nini, na hapo ndipo wakubwa wote wanashikwa na usingizi. Kila tukiuliza tunaambiwa dosie, yaani faili letu, iko njiani.

Na wewe ulikuwepo kwenye mkutano ule alipokuja yule daktari kijana kutusikiliza. Wenzangu walimnunia kabla hajafungua mdomo. Mimi nilimpenda, maana alituambia ukweli: "Mkipata sheria, itawakataza mambo mengi mnayoyafanya leo. Muko tayari?" Ndipo ukasimama wewe, mutoto wa jana, ukasema, "Tuko tayari. Lakini siku ile munatukataza, mulete dokta kule juu. Mutuletee sheria na dokta kwa gari moya." Wakakupigia makofi, hata yeye. Mimi pia nilipiga. Kisha nikaona wenzangu wanakuangalia, wanakupima, na jioni ile ile mmoja akasema, "Huyu njo wa kutuma ku machimbo." Ningekuziba mdomo kwa kiganja, Mungu anisamehe.

Siku hizi chama chetu kinakutana bila kusema kwamba kinakutana. Dosie iko Kinshasa, na tangu mji huu uingie mikononi mwa watu wengine, Kinshasa imekuwa mbali kuliko Ulaya. Wenye ofisi za hapa nao wametuambia, leteni nakala kwetu, tutawapa muhuri. Muhuri wa huku wale wa kule watasema ni wa waasi. Ukikataa wa huku, unaonekana una neno moyoni. Mzee wetu wa komite aliuliza mbele ya watu tufanye nini. Tangu hapo haji tena, na mke wake akikutana nami njiani Nyawera anavuka barabara. Kwa hiyo usiende ukifikiri chama kiko nyuma yako. Mimi niko kwenye komite, na ninakuambia: nyuma yako kuna mama yako na kikundi cha watu wanaoogopa.

Na kuna jingine linalonikosesha amani. Nimeuliza yule aliyekuwa kwenye kituo cha Patron kabla yako ameenda wapi. Nilimuuliza dereva wa Walungu, akasema aliolewa. Nilimuuliza muuza dawa anayewapelekea mizigo, akasema alikuwa mwanaume, na alirudi kwao Minova. Nilimuuliza Patron mwenyewe ile siku aliyopiga mara ya kwanza, akasema, "Maman, yule hakuwa mtu wa kazi," na akaanza kunisifia wewe. Watu wanaosema ukweli hawapishani hivyo. Nilikuambia haya, ukasema naona mizimu kila mahali. Labda. Lakini ukifika muulize mfagiaji, usimuulize mwenye kituo.

Sasa utasema, Mama, kama unajua hayo yote si uniambie nisiende? Nilikuambia Jumapili ile ile jikoni, wageni walipoondoka, tena vibaya, kwa maneno ambayo leo ninayaonea haya. Nilikuambia unaenda kujichimbia shimo lako mwenyewe. Mama hasemi hivyo kwa mtoto wake. Nisamehe. Ningekuwa na nguvu za kukufungia ndani ningekufungia, hilo ujue. Lakini umeshakuwa mtu mzima, na kule juu wanawake wanazaa kila siku kama wanavyozaa hapa, na ukweli ni kwamba bila wewe hawana mtu. Yule daktari kijana hayuko Luhwindja. Dosie yetu haiko Luhwindja.

Na sitakuambia kwamba siku ukibaki peke yako, barabara imekufa, mwanamke anakufia mikononi, ukunje mikono useme sheria haijatoka. Nikikuambia hivyo hutanisikia, na mimi nitajichukia. Siku hiyo itakuja. Utafanya utakaloweza na utalia baadaye, kama tulivyolia sisi. Lakini kesho si siku hiyo! Kesho barabara inapitika, gari lipo, opitali ya Walungu ina daktari na damu. Huyo mama amewekwa pale akusubiri kwa sababu ya kiburi cha mtu anayetaka kijiji kione kwamba na yeye ana Dokta wake. Huko si kukosa njia. Huko ni kumchezea mtu.

Ngoja nikumalizie habari ya Deo, kisha nikuache.

Alitoka jela amekonda, akaenda Uvira kwa kweli, nikawa nimekuambia ukweli kwa kuchelewa. Anauza ndagala kule. Mwaka ule nilipoenda kwenye harusi ya binamu yako nilimtafuta sokoni. Nikamuona kwa mgongo, ameinamia beseni lake, na furaha ikanipanda nikasahau kila kitu. Nikaita kama tulivyokuwa tunaita zamani: "Dokta! Dokta!" Soko zima likageuka. Yeye hakugeuka. Aliendelea kupanga samaki wake. Mwanamke wa meza ya jirani akaniambia, "Maman, huyo ukimuita hivyo haitike. Siku mutoto wake aligongwa na pikipiki walikuja kumuita hivyo, hakuitika, mupaka wakamushika bega."

Nikasogea karibu nikasema, "Deo." Akageuka. Tukashikana palepale katikati ya ndagala, watu wanatucheka. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Alichoniuliza ni wewe. "Ule mumwaga maji kuku iko namna gani?" Nikamwambia anasoma. Hakuuliza anasoma nini, na mimi sikuthubutu kumwambia.

Nsimire, bluzi yako iko hapa mapajani mwangu. Nimechukua wembe wa papa yako nikakata nyuzi za zile herufi mbili, uzi kwa uzi, nikazivuta kwa sindano. Jina lako sijaligusa. Tantine Faida atasema nina wivu na mtoto wangu mwenyewe, mwache aseme, nitamjibu mimi. Wewe najua utakasirika. Kasirika, lakini ivae. Nimeipiga pasi kwa maji na bila maji, na matundu ya sindano bado yanaonekana, mtu akiwa karibu atasoma kilichokuwepo. Nimeshindwa kuyafuta. Watakapokuuliza, waambie ni mama yako.

Na kila watakapokuita lile neno, wasahihishe. Watakuchoka. Mgonjwa atakuogopa kidogo, Patron atakununia, atasema unamharibia kituo. Sema tena. Ikifika siku mtu mwenye kalamu akawauliza watu wa kule, "Akiitwa Dokta alikuwa anaitika?", nataka kijiji kizima kiseme, "Hapana, tulichoka kumuita, haitikagi."

Kesho mkifika, watu watakimbilia gari wakiita. Utasikia vigelegele, maana Patron ameshawaambia. Usishuke. Mwambie dereva asizime motere. Usishushe begi, usimsalimie mtu, usivae bluzi, mpaka yule mama awe amepanda nyuma na mumewe au mama mkwe wake amepanda naye. Urudi naye Walungu wewe mwenyewe, umshike mkono mpaka mlango wa opitali, umuachie daktari mwenye sheria yake. Kisha ndipo urudi ukaanze kazi, kama bado wanakutaka.

Na kama umefika ukakuta kumenyamaza, hakuna wa kukimbilia gari, watu wamekaa ukutani hawakuangalii machoni, basi mutoto wangu usiulize. Usiingie ndani. Usiguse kitanda, usimfunike mtu, usiseme pole kwa niaba ya kituo. Watakuwa wanamtafuta Dokta aliyechelewa, na Dokta huyo ni wewe. Mwambie dereva ageuze, umwambie una homa, umwambie mama yako amekufa, sema lolote. Njoo nyumbani. Nitakuwa mlangoni.

Lakini akiwa mzima, na Mungu amjalie awe mzima, akishakaa garini atakuuliza wewe ni nani. Wagonjwa huuliza wakishaogopa. Mwambie jina lako. Ndilo nililokuachia kifuani.

Mama yako,
asistan